Gazeti la kampuni ya bunga, Lubumbashi: tulichojaribu, kilichogoma, pesa iliyotoka

Hii naandika kwa mtu yeyote wa komi (kazi ya mawasiliano), kampuni ndogo ao ya katikati, ambaye patro wake amemwambia "na sisi tufanye gazeti". Sisi tunasaga mahindi, tunauza bunga kwa mifuko ya kilo 25, depo ziko Kenya, Katuba na Ruashi, komini tatu za hapa Lubumbashi. Jina la kampuni siweki, hii si tangazo. Kila hatua ikiisha naongeza, na mambo ya kawaida napita haraka.

11 Machi 2024. Kwa nini gazeti

Tarehe 29 Februari Zambia wametangaza ukame wao kuwa janga la taifa, na huku Haut-Katanga mahindi mengi yanatoka kule, kwa hiyo hata kabla malori hayajapungua mpakani Kasumbalesa bei ya bunga sokoni ilishaanza kupanda. Kwenye depo zetu maneno ni yale yale, mumeficha mifuko, munangojea bei ipande zaidi. Redio tulijaribu, spoti ya sekunde chache, inasema bunga yetu ni nzuri, lakini swali la watu halikuwa kama bunga ni nzuri.

Kwenye mkutano kila mtu alikuja na gazeti lake kichwani. Papa direkta alitaka kurasa 16, karatasi ya kung'aa, rangi zote, sawa vile makampuni ya migodi wanafanya. Mtu wa mauzo alitaka promosheni. Mtu wa personeli alitaka watoto waliozaliwa na watu wanaoenda pensheni. Mimi nikabakia na swali moja tu, nani atasoma na leo anauliza nini, maana ukitaka gazeti moja liongee na ajenti, na ba mama wauzaji, na majirani wa kiwanda, na komini, na benki, wote kwa mara moja, utapata karatasi ambayo kila mtu anafunua akisema hii si yangu. Tukapatana: wa kwanza ni ba mama wauzaji na ajenti wetu (watu wetu wa kazi), majirani wa kiwanda wanafuata, wengine watasoma wakitaka.

Mji huu si mgeni kwa mambo haya. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, ilianzisha Mwana Shaba 1957, gazeti la watu wake wa kazi, na kampuni ilipotaifishwa 1967 na baadaye kuwa Gécamines gazeti likaendelea. Mzee mmoja wa Kamalondo, pensheni wa Gécamines, alitukopesha makopi machache aliyotunza kwenye sanduku pamoja na bultani za mshahara. Direkta alipoyaona akasema njo hii nataka! Ni mazuri kweli, lakini kampuni ile ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali na masomo ya watoto, gazeti lake lingeweza kuongea kama baba wa nyumba na hakuna mtu wa kuhama. Sisi mama wa sokoni akichoka na sisi anavuka barabara anaenda kununua kwa mwingine. Tutachukua kwao foto za watu wa kazi na majina yao chini, sauti yao hapana.

Pesa iliyotoka mpaka hapa: hakuna, ni limonadi ya mkutano tu.

25 Machi 2024. Namba sifuri, ilikufa sokoni Kenya

Tulitengeneza namba ya majaribio kwa kompyuta ya biro. Kifaransa tupu. Ukurasa wa 1 neno la direkta na foto yake, ukurasa wa 2 historia ya kampuni, wa 3 mashini mpya, wa 4 salamu za Pasaka. Tukaprinti makopi machache tukapeleka Kenya kwa ba mama wanaotununulia kila wiki.

Mama mmoja aligeuza karatasi mbele na nyuma akaniambia: "Mwana yangu, bei iko inapanda kila siku, na nyinyi munatuletea foto ya patro wenu na kravati?" Wenzake wakacheka, na mmoja akauliza kama anaweza kubakia na karatasi ya kufungia karanga. Hapo sikuhitaji ripoti nyingine.

Dawa yake ilikuwa ya bei ndogo kuliko yote tuliyofanya mwaka huu. Tulinunua kaye (daftari) tatu, moja kwa kila depo, tukamwambia mtu wa kaunta aandike maswali ya wateja vile wanavyoyasema, bila kusafisha, hata matusi. Baada ya wiki mbili tukasoma. Karibu yote yalizunguka mambo manne: kwa nini mfuko ulioingia depo kwa bei ya zamani unauzwa kwa bei mpya, je kilo 25 ni 25 kweli, kwa nini bunga ya mwezi huu ni nyeupe kuliko ya mwezi uliopita, na lori inafika siku gani. Historia ya kampuni hakuna mtu aliyeiuliza hata mara moja, masikini.

Basi namba 1 ikajijenga yenyewe. Kurasa tatu za kwanza Kiswahili, Kiswahili cha hapa kwetu na si cha mtihani, ukurasa wa 4 Kifaransa kwa ajili ya komini na benki. Neno la direkta likashuka ukurasa wa 3, mistari michache, bila foto.

Vita vilikuwa juu ya bei. Nilitaka mchoro wa mfuko uliokatwa vipande: mahindi, usafiri, ushuru, umeme na mazutu ya jenereta, mfuko mtupu, mishahara. Mtu wa fedha akakubali vyote isipokuwa kipande cha faida. Nikamwambia: papa, ukitoa kile kipande kimoja watu wataangalia palepale tu, kila mama pale sokoni anajua hesabu kuliko sisi, anajua kuna kitu kinabakia. Tulibishana mpaka jioni. Mwisho direkta mwenyewe akaamua: kipande kiwekwe, kiandikwe "hii inabakia kwa kampuni", na chini iwekwe tarehe ya hesabu ili mtu asije baadaye na karatasi ya zamani kudai bei ya zamani. Hiyo tarehe musiisahau mukiiga.

19 Aprili 2024. Imprimeri

Vitu ambavyo mtu wa imprimeri alituambia bure na vingetugharimu:

Gazeti la kukunja linaenda kwa kurasa 4, 8, 12, huwezi kuwa na 6 bila kupachika karatasi moja pembeni. A3 moja ikikunjwa inatoa kurasa 4 za A4, njo tuliyochagua. Zile 16 za direkta zilikufa hapo aliposikia bei.

Kwa makopi machache mashini ya dijitali ni sawa. Ukipanda makopi elfu na zaidi, ofseti inashinda kwa sababu pesa kubwa inaenda kwenye plaki, zile sahani za kuprintia, na plaki ikishafanywa kila kopi ya ziada ni karatasi na wino tu. Tulichukua makopi 1,500, ofseti, rangi zote.

Foto zikatusumbua. Zote zilikuja kwa WhatsApp, na WhatsApp inabana foto, kwenye telefone inaonekana safi, kwenye karatasi uso wa mtu ni vidoti vidoti. Imprimeri inataka nukta 300 kwa inchi. Tulirudi kupiga upya, na tangu siku ile sheria ni kutuma foto kama dokima (dokumenti), si kama foto, ao kuleta kwa fimbo ya USB. Rangi nayo, kijani cha mfuko wetu kwenye skrini kilikuwa kinawaka, kwenye prova, karatasi ya kwanza ya majaribio, kikatoka kama jani la mihogo lililochemshwa, maana skrini inachanganya nyekundu, kijani na buluu na mashini inatumia wino nne. Muombe prova ya karatasi kabla ya kusaini, prova ya PDF kwa telefone haisemi kitu. Na muache milimita 3 za ziada pembeni kama rangi inafika mwisho wa karatasi, bila hivyo kisu kinaacha mstari mweupe.

Halafu SNEL ikakata umeme katikati ya kazi yetu. Imprimeri ina jenereta lakini mazutu ya saa za ziada walitaka tulipe sisi, tukakataa, tukangoja. Wakati wa kupanga tarehe ya kutoa gazeti, ongezeni siku kadhaa za umeme, si utani.

Namba 1: mizanpazhi (kupanga kurasa) dola 80, mpiga foto dola 50, kuprinti dola 420. Jumla 550.

6 Mei 2024. Gazeti limetoka, halijafika

Tuliweka mafungu kwenye kaunta za depo. Baada ya siku chache fungu la Katuba lilikuwa limeisha, tukafurahi sana, halafu tukapita avenyu ya pembeni tukakuta karanga zimefungwa ndani ya kile kipande chetu cha faida. Yule mama wa Machi alitabiri.

Karatasi ya bure iliyowekwa mahali haina mwenyewe. Tukabadilisha njia: gazeti linakunjwa pamoja na bon ya kupokea mifuko, na msaidizi wa shofa anampa mama mkononi anapotia sahihi. Bon anaitunza kwa sababu ya hesabu, kwa hiyo gazeti linabakia karibu na bon. Gharama sifuri, malori yanaenda vilevile.

Lakini hapo shimo lingine likafunguka, kubwa kuliko la karanga. Ukurasa wa 2 ulisema bei haibadiliki mpaka mwisho wa Mei. Shofa mmoja, alipoulizwa Ruashi, akajibu "mimi nimesikia wiki ijayo inapanda". Hakudanganya, alisikia maneno ya kwenye kiwanja cha malori, na hakuna mtu aliyempa gazeti yeye mwenyewe alisome, alipewa tu mzigo wa kugawa. Mama sasa ana karatasi inasema hivi na mtu mwenye kofia ya kampuni anasema vile, ataamini nani? Mtu bila shaka, na angekuwa mimi ningefanya vilevile.

Tangu hapo ajenti wanasoma kwanza. Siku mbili kabla ya kugawa tunakusanya ba shofa, wasaidizi, watu wa kaunta na walinzi, asubuhi kabla malori hayajatoka, tunasoma gazeti kwa sauti na wao wanauliza. Wanauliza vibaya, wanauliza mambo ya mishahara yao, na direkta lazima awepo. Walinzi wasiachwe nje, mtu akija na hasira yake wa kwanza kumkuta ni mlinzi.

14 Juni 2024. Foto ya mfanyakazi

Namba 2 tulipunguza rangi, nyeusi na kijani tu, kuprinti kukashuka dola 310. Foto tulipiga wenyewe kwa telefone nzuri, mchana, nje ya hangari. Ukurasa wa 1 ulikuwa na mama mmoja wa kufunga mifuko, anacheka, jina lake chini na miaka aliyofanya kazi.

Alikuja biro siku ya kusoma gazeti na ajenti, hakupiga kelele hata. Alisema familia ya marehemu bwana yake haijui anafanya kazi wapi, kuna mambo ya nyumba hayajaisha, na sasa uso wake unaenda sokoni mara 1,500. Wakati wa kupiga foto tulimuuliza kama tunaweza kumpiga, akasema sawa. Hatukumwambia inaenda wapi.

Tulisimamisha ugawaji, tukaprinti upya karatasi ile yenye ukurasa wa 1 na foto ya mashini, nusu ya makopi tu kwa sababu pesa haikutosha: dola 140. Makopi yote yenye foto tukachana mbele yake. Wengine kwenye biro waliona ni mingi sana kwa malalamiko ya mtu mmoja. Mimi naona kama gazeti linalotaka watu watuamini linaanza kwa kumuumiza mtu wetu wa kazi, bora tubakie na redio.

Kuna na upande wa sheria. Kodi ya numeriki ya Kongo (kitabu cha sheria za dijitali, si ushuru), ordonansi-sheria 23/010 ya 13 Machi 2023, inalinda data za mtu, na ruhusa yake ndiyo msingi. Sasa tuna fomu fupi ya Kiswahili: foto hii itatoka kwenye karatasi, itaonekana masoko haya, na WhatsApp pia, unaweza kusema jina hapana, unaweza kukataa na hakuna mtu wa kukuuliza sababu. Mtu anaichukua nyumbani analala nayo. Kati ya wanaoichukua wengi wanarudi na ndiyo, ila sasa ni ndiyo ya kweli.

Namba 2: mizanpazhi 80, kuprinti 310, kurudia 140. Jumla dola 530.

8 Julai 2024. Mavumbi

Kaye za maswali zimeendelea na tumeongeza ya nne kwenye geti la kiwanda, kwa majirani. Ilijaa haraka. Mavumbi ya bunga kwenye nguo zilizoanikwa, makelele ya mashini usiku.

Rasimu ya kwanza kutoka juu ilisema kampuni "inajali sana mazingira na afya ya jirani". Niliirudisha na swali moja pembeni: inajali kwa kufanya nini? Kukawa kimya siku kadhaa, halafu jibu likaja kwa mtu wa tekiniki na si kwangu. Mifuko ya kuchuja mavumbi imechoka, mipya iliagizwa Afrika Kusini, na namba 2 kumbe ilishaahidi itafungwa mwisho wa Juni. Mwisho wa Juni ulipita, mifuko bado iko njiani.

Direkta alitaka tunyamaze mpaka ifike. Mukinyamaza jirani anasoma kalenda pia, nikamwambia, na shefu wa avenyu anayo namba 2 kwenye meza yake. Tukaanzisha kisanduku cha kudumu ukurasa wa 2: "Tulisema" upande mmoja, "Tulifanya" upande mwingine. Mstari wa kwanza kabisa wa kisanduku ulikuwa: tulisema mifuko ya mavumbi itafungwa Juni, haijafungwa, mzigo haujafika, kwa sasa tunasimamisha mashini ya pili saa 3 usiku. Ile ya kusimamisha mashini haikuwepo kabla ya kisanduku. Ilipatikana kwa sababu upande wa "Tulifanya" ulikuwa mtupu na ilikuwa aibu kuuprinti hivyo.

Kama mutaiga kitu kimoja tu kwenye shajara hii, mutwae hicho kisanduku.

14 Agosti 2024. Mpaka umefungwa, gazeti liko imprimeri

Wikendi ya tarehe 10 Zambia wakatangaza kufunga mpaka na sisi, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, mzozo wenyewe juu ya vinywaji, Kongo ilikuwa imezuia bia na limonadi kuingia. Bia si kazi yetu lakini mahindi yanapita mlango uleule, kama kilomita 90 kutoka hapa. Namba 3 ilikuwa tayari kwenye plaki, ukurasa wa 1 unasema mzigo unaingia vizuri.

Ivy Lee, yule Mmarekani wanayemhesabu kati ya baba wa kazi hii ya komi, 1906 aliahidi magazeti habari ya kweli na ya haraka. Ya kweli tulikuwa tumejifunza. Ya haraka, gazeti la kila miezi miwili haliwezi, hata ulilipe namna gani.

Kilichofanya kazi: karatasi moja ya A4, upande mmoja, herufi kubwa, tarehe na SAA juu kabisa. Tuna stoki ya kiasi hiki, leo hatupandishi bei, kila mteja mifuko kiasi hiki ili wote wapate, karatasi nyingine inakuja kesho saa 4 asubuhi. Fotokopi 400 kwa franka 100, ni franka 40,000, karibu dola 14. Ba shofa waliisoma kwanza, walishazoea. Foto ya karatasi ileile tukaituma kwenye grupu la WhatsApp la wauzaji, na hapo tulipata bahati kwamba grupu lilikuwepo tangu Mei kwa ajili ya siku za lori tu.

Kesho yake hatukuwa na kitu kipya cha kusema. Tulitoa karatasi hata hivyo: hakuna kipya, stoki imebakia hivi, kesho tena saa 4. Mtu wa mauzo aliona ni upuzi. Mama mmoja wa Katuba alipiga simu kushukuru kwa hiyo karatasi isiyo na habari, alisema jirani zake waliokuwa wanapanga mstari tangu usiku walirudi kulala. Mpaka ulifunguliwa ndani ya siku chache.

Namba 3 tuliisimamisha kabla ya mashini kuanza. Plaki ya ukurasa wa 1 na 4 tulifanya upya, imprimeri hawakutulipisha safari hii kwa sababu kazi ilikuwa imechelewa kwao. Musitegemee.

20 Septemba 2024. Pesa na vipimo

Namba 3 imetoka mwanzo wa mwezi: mizanpazhi 80, kuprinti 310, jumla 390. Ukichanganya zote: 550, 530, 14 na 390, ni dola 1,484 tangu Machi. Muda wangu na wa mtu wa kaunta haumo, ule mzigo uko mkubwa kuliko pesa ya imprimeri na kwenye bajeti hakuna anayeuona.

Direkta anauliza tumeuza mifuko mingapi zaidi kwa sababu ya gazeti. Sijui njia ya kuitenga na bei, msimu na mpaka, na sitaki kumpikia namba. Ninachoangalia ni kaye. Machi maswali mengi yalianza na "kwa nini munaficha". Sasa mengi ni "lini" na "ngapi", na yale ya kilo 25 yameisha kabisa tangu tuweke mizani kwenye kaunta na kuandika ukurasa wa 2 kwamba mtu yeyote anaweza kupima mbele yetu. Kusema kweli hapo ni mizani iliyofanya kazi, gazeti lilileta watu kwenye mizani. Kaye ya geti bado ni kali. Mifuko ya kuchuja ilifika, ikafungwa, mavumbi yamepungua, makelele yako vilevile.

Kilichobakia bila dawa: ukurasa wa 4 wa Kifaransa. Benki hawajawahi kusema neno juu yake, komini waliuliza mara moja kama tunaweza kuweka foto ya sherehe yao. Nafikiria kuutoa na kuwapa majirani ukurasa mzima.

Namba 4 imeandikwa. Kisanduku kinasema: tulisema kuta za kuzuia makelele Septemba, hatujaanza. Direkta hajasaini. Imprimeri wanangoja faili mpaka tarehe 7 Oktoba.